Kaskazini mwa Kenya: Likizo ya Nani, Maji ya Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2022 Wakenya walionyeshwa kaskazini mbili kwa wakati mmoja. Taarifa za habari zilijaa mizoga: ng'ombe waliolala kando ya barabara za Marsabit na Wajir baada ya mvua kukosekana misimu kadhaa mfululizo. Mwezi Novemba, Wizara ya Utalii ikatangaza kwamba katika maeneo ya nchi yaliyokumbwa na ukame, tembo 205 na pundamilia wa Grevy 49 walikuwa wamekufa tangu Februari. Huku nako waandaaji wa safari za Desemba walikuwa wakisambaza picha za mchanga wa jangwa la Chalbi, maji ya kijani ya Ziwa Turkana na twiga wa Samburu. Kabla watu hawajajua waamini picha ipi, Februari 2023 serikali ikatangaza kaunti sita, zikiwemo Turkana na Samburu, kuwa zenye vurugu na hatari, na wanajeshi wakapelekwa kuwasaidia polisi.

Tangu hapo kila mtu ana swali lake. Anayepanga likizo anataka kujua kama kuna cha kuona na kama atarudi salama. Mwakilishi wa wadi anataka kujua kaunti itapata nini. Mfugaji anauliza akiwapisha wageni leo, mifugo yake itanywa wapi ukame ukirudi. Maswali haya huulizwa kila moja mahali pake: moja kwenye ofisi za safari, moja kwenye bunge la kaunti, moja chini ya mti wa wazee. Ndiyo maana majibu yanapingana. Ukiyaweka pamoja unakuta yote yanaelekea sehemu moja, penye maji.

Mwinuko ndio unaogawa nchi

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na asiyefika huko hudhani ni uwanda mmoja wa mchanga na miiba. Sivyo. Ziwa Turkana liko mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima Kulal, ambao mtu aliyesimama Loiyangalani anauona wazi upande wa mashariki, unapita mita 2,200. Mlima Nyiru, kusini mwa ziwa, unapita mita 2,700. Katika masafa ya siku moja ya kutembea unatoka kwenye mawe meusi ya volkano yanayochoma nyayo, unaingia msitu wa mitarakwa wenye ukungu asubuhi. Milima ya Ndoto na safu ya Lenkiyo, ambayo wengine huiita Mathews, ni hivyohivyo: visiwa vya kijani vilivyozungukwa na nyika.

Chanzo chake si fumbo. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka nyanda za chini bila kudondosha kitu, kisha hukutana na mlima, hupanda, hupoa, na huacha ukungu na mvua. Mlima Marsabit una msitu mnene na maziwa ya kreta, likiwemo Ziwa Paradise, kwa sababu hiyo. Humo ndimo alimoishi Ahmed, tembo mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Teremka kaskazini-magharibi na uko Chalbi, sakafu ya ziwa la kale lililokauka likaacha chumvi. Katika mwaka wa mvua kubwa Chalbi hugeuka tena kuwa ziwa la maji ya kifundoni. Kandokando yake kuna chemchemi za Kalacha na North Horr, ambako maji yaliyonywewa na miamba ya vilima hutokea tena juu, na hapo ndipo Wagabra hunywesha ngamia wao. Mashariki kuna Dida Galgalu, uwanda wa mawe ya lava ambao gari huukata kwa saa nyingi bila kukutana na mti wa kivuli.

Upande wa magharibi, Ziwa Turkana ni hadithi ya peke yake. Kati ya maziwa ya jangwani yasiyokauka, ndilo kubwa kuliko yote duniani. Halina mto unaolitoa maji, kwa hiyo maji yake ni ya magadi, na takriban asilimia 90 ya maji yanayoliingia huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Lina visiwa vitatu vikubwa vya volkano, na kwenye Kisiwa cha Kati mamba hutagia mayai kwenye maziwa ya kreta. Mwaka 1984, huko Nariokotome kwenye ufuo wa magharibi, Mkenya Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungulia njia mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Huko Lomekwi, si mbali na hapo, kulipatikana zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zilizowahi kutangazwa. Ng'ambo ya pili ni Sibiloi na Koobi Fora, maeneo mengine ya visukuku. Hifadhi za ziwa hili ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997.

Kusini zaidi, Mto Ewaso Ng'iro unatoka kwenye milima ya Nyandarua na Kenya, unapita kati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kisha unapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Kando yake wanaishi wanyama watano wasiokutwa Maasai Mara: twiga wa madoa ya wavu, pundamilia wa Grevy, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya samawati. Pundamilia wa Grevy waliobaki duniani ni takriban 3,000, na wengi mno wako Kenya.

Kwa hiyo swali la kama kuna cha kuona halina ubishi. Ila itazame tena orodha hiyo: mlima wenye msitu, chemchemi, ukingo wa mto, ufuo wa ziwa. Kila kinachomvutia mgeni kipo penye maji au jirani na maji. Na hapo ndipo mifugo hukimbilia mvua inapokosa. Ugumu wote wa utalii wa kaskazini umetokana na jambo hilo moja.

Kwa nini eneo hili lilibaki nyuma

Wakoloni waliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa: hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali. Walipotaka kuwaficha viongozi wa kupigania uhuru waliwapeleka huko. Kenyatta alizuiliwa Lokitaung, kisha Lodwar, kisha Maralal. Uhuru haukuifungua. Vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga, vilianza mwaka 1963 na kuendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi 1991. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, kwa hoja kwamba huko ndiko zingezaa haraka. Nchi ya wafugaji ikakosa barabara, shule na hospitali kwa miongo mingi, na watalii wakapelekwa Mombasa na Mara.

Mabadiliko yalikuja kwa barabara na kwa katiba. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilika katikati ya muongo uliopita, na safari iliyokuwa ya siku mbili nyuma ya lori ikawa ya saa chache. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 uliipa kila kaunti bajeti na tamaa ya kujitangaza.

Kutelekezwa huko kulikuwa dhuluma, na waliodhulumiwa bado wako hai. Hata hivyo kuna tokeo moja ambalo halikupangwa: ardhi ilibaki wazi. Hakukuwa na ranchi zilizozungushiwa nyaya kama Laikipia, wala mashamba yaliyokatwakatwa. Ngamia wa Kigabra na pundamilia wa Grevy waliendelea kuifuata mvua popote ilipoanguka. Mgeni anayesifu upeo usio na ukuta anasifu umiliki wa pamoja wa ardhi, na umiliki huo ndio unaotikiswa fedha za utalii zinapoanza kuingia. Ziingieje? Kuna misimamo mitatu.

Msimamo wa kwanza: jengeni miji ya kitalii

Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa uliozinduliwa mwaka 2008, iliahidi miji ya kitalii, na mradi wa uchukuzi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012 ukaitaja mitatu: Lamu, Isiolo na Turkana. Wanaouunga mkono mpango huu wana hoja nzito. Wanasema utalii wa vitanda kumi hapa na kumi na viwili pale hauwezi kuajiri maelfu ya vijana wanaomaliza shule Isiolo na Lodwar. Wanasema hoteli kubwa hushusha bei, kwa hiyo Mkenya wa kipato cha kati naye angepata pa kulala. Na wanasema uwekezaji mkubwa huvuta umeme, hospitali na viwanja vya ndege ambavyo mwananchi angetumia hata kama hakuna mtalii.

Hoja ya mwisho ina ushahidi. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulilazimisha kutengenezwa kwa barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis, na leo wageni wengi wa Loiyangalani hupitia barabara hiyo. Lakini mradi huohuo unaonyesha gharama. Ulipewa ekari 150,000 za malisho, na Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru ikatamka kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Barabara ilipatikana, na kesi ikapatikana.

Udhaifu mkubwa wa miji ya kitalii ni maji. Mji wa hoteli, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu huko Isiolo ungehitaji maji ambayo Isiolo haina. Jibu la wapangaji lilikuwa bwawa kwenye Ewaso Ng'iro, mahali paitwapo Crocodile Jaw. Watu wa chini ya mto walielewa mara moja, maana mwaka 2009 mto huo ulikauka kwa ukame na mwaka 2010 ukafurika ukazoa kambi za watalii ndani ya hifadhi. Mto wa tabia hiyo hauna ziada ya kugawa. Mwaka 2013 walianza matembezi ya msafara wa ngamia kando ya mto kupinga bwawa hilo, na matembezi hayo yakawa desturi.

Turkana nayo ina kumbukumbu yake. Kule Kalokol, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki ili wafugaji wawe wavuvi. Kuwapooza samaki kwenye joto lile kuligharimu zaidi kuliko samaki wenyewe, kisha ghuba ya Ferguson ikakauka na samaki wakatoweka nayo. Ziwa Turkana halina ufuo wa kudumu. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi zake kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa hofu kwamba bwawa la Gibe III huko Ethiopia lingelikausha. Muda mfupi baadaye ziwa likafanya kinyume: likapanda, likafunika makaburi ya Waelmolo, wavuvi wa ufuo huo, na kukigeuza kijiji chao cha Komote kuwa kisiwa. Anayetaka kujenga mji wa hoteli kwenye ufuo huo ajibu kwanza ufuo utakuwa wapi miaka ishirini ijayo.

Lipo jambo jingine linalosahaulika kwa urahisi: tangazo la mji wa kitalii hupandisha bei ya ardhi kabla jiwe la msingi halijawekwa. Pembeni mwa Isiolo watu walianza kugombea viwanja vya mji ambao haujajengwa hadi leo. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Isiolo upo, njia yake ya lami ipo, ndege ni chache.

Msimamo wa pili: hifadhi za jamii

Njia hii imeshika mizizi zaidi. Jamii ya wafugaji hukubaliana kutenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyamapori, huandaa ratiba ya malisho kwa sehemu iliyobaki, huajiri vijana wao kuwa askari wa wanyamapori, na humkaribisha mwekezaji ajenge loji inayolipa kodi na ada kwa kila mgeni anayelala. Northern Rangelands Trust, shirika linalozisaidia nyingi ya hifadhi hizi, lilianzishwa mwaka 2004, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikazitambua rasmi hifadhi za jamii.

Mfano unaotajwa sana ni hifadhi ya Namunyak, kwenye mabonde ya safu ya Lenkiyo, iliyoanza mwaka 1995. Huko tembo walikuwa wamemalizwa na majangili, nao wamerudi. Mwaka 2016 kulifunguliwa kituo cha Reteti cha kuwalea tembo mayatima, kikiwa mali ya Wasamburu wenyewe. Ndama hao hulishwa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa vijiji vya jirani. Maziwa hayo ni jambo la maana kiuchumi. Fedha ya mgeni inamfikia mama mwenye mbuzi wanane bila kupitia kamati yoyote, na haimtaki auze mbuzi wala ahame. Miradi michache ya utalii nchini inaweza kusema hivyo.

Lakini mfumo huu una nyufa tatu, na ni bora zisemwe wazi. Wa kwanza ni fedha. Loji hizi ni ndogo na ghali mno, na wageni wake wengi hutoka Ulaya na Marekani. UVIKO-19 ilipofunga anga mwaka 2020 mapato yalikatika ghafla. Hifadhi nyingi hazijawahi kujitegemea kwa utalii pekee. Zimeishi kwa wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, mishahara ya askari ikawa swali.

Wa pili ni nguvu. Askari wa hifadhi wenye bunduki hurudisha mifugo iliyoibwa, na kwa hilo wanashukuriwa. Ila jamii jirani isiyo na hifadhi huwaona kama jeshi la upande mmoja. Mwaka 2021 taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha ripoti yenye tuhuma nzito za uporaji wa ardhi na ukatili. Northern Rangelands Trust ilizikanusha.

Wa tatu ndio mzizi wa yote: saini. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili kubwa, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila msingi wa kisheria. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo umewashangaza wengi, na haukupaswa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016, wakati hifadhi nyingi zilikuwa zimekwisha kuundwa. Ardhi ilikuwa haijasajiliwa kwa jina la mwenyewe. Basi nani alikuwa na haki ya kusaini? Wazee kadhaa, bodi iliyochaguliwa siku moja ya mkutano, diwani? Mtu anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akawa amesaini kisicho chake.

Msimamo wa tatu: mifugo kwanza

Wanaopinga hifadhi husikika kama watu wasiotaka maendeleo, na hilo si haki. Hoja yao ni ya kitaalamu kuliko inavyosikika. Mwekezaji anaposema anaomba asilimia 10 tu ya ardhi, mfugaji anauliza ni asilimia 10 ipi. Katika nchi kavu, kipande kidogo chenye nyasi na maji mwezi wa Septemba ndicho kinachoyapa thamani maelfu ya hekta zinazolishwa wakati wa mvua tu. Ukikifunga kipande hicho umeifunga nchi yote inayokizunguka. Na kwa kuwa loji hujengwa penye mandhari, nayo mandhari iko penye maji, asilimia 10 inayoombwa huwa ndiyohiyo.

Tena maji ya kaskazini hayakuwa ya ovyo yakisubiri msimamizi kutoka nje. Kwa Waborana kila kisima cha kina kirefu kina ukoo wake na abba herega, mzee anayepanga zamu: nani ananywesha leo, wa nani wanangoja, mgeni mwenye kiu apewe lini. Watu hupanga mstari ndani ya kisima, wakipokezana ndoo kuelekea juu huku wakiimba, na ng'ombe huujua wimbo wa wenyewe. Wageni wanavipenda visima hivi. Wachache huelewa kwamba wanatazama bunge la maji likiwa kazini.

Hata hivyo msimamo huu una pengo lake. Ukame ule wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini. Familia iliyopoteza ng'ombe wote haiwezi kuambiwa kwamba mifugo inatosha. Utaratibu wa malisho wenyewe umechakaa: visima vya kuchimbwa kwa mashine vimezaa vijiji vya kudumu ambako zamani watu walipita tu, bunduki zimempa kijana sauti kuliko mzee, na mabinti na wavulana waliosoma hadi kidato cha nne hawana kundi la kurithi. Isitoshe, kumkataa mtalii hakumzuii kuja. Lami ipo. Misafara ya magari kutoka Nairobi hufika Chalbi ikiwa na chakula chake, maji yake na mahema yake, hupiga picha za watu na ngamia wao, hulala jangwani usiku mmoja, na kuondoka bila kuacha shilingi Kalacha. Huo ni utalii usio na mkataba wowote, na mwenye ardhi ndiye anayeugharimia.

Yanayofanyika bila kelele

Katikati ya misimamo hii mitatu kuna mambo madogo ambayo hayakungoja mpango wa taifa. Mwaka 1990 wanawake wa Kisamburu walianzisha kijiji cha Umoja karibu na Archer's Post, wakauza ushanga na kuendesha kambi kando ya Ewaso Ng'iro, wakasomesha watoto. Mwaka huohuo Maralal ilianza mashindano yake ya mbio za ngamia. Tangu 2008 Loiyangalani hukusanya jamii 14 za Marsabit kwenye tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana, na Lodwar ina Tobong'u Lore, ambapo Waturkana huwaalika ndugu zao wa ng'ambo za mipaka.

Haya hayachukui malisho ya mtu, na thamani ya tamasha la Loiyangalani inazidi mauzo ya vyumba: jamii zilizowahi kuibiana ngamia hukaa uwanja mmoja siku kadhaa. Udhaifu wake ni kwamba siku hizo zikipita mji hulala tena, na kaunti ikichelewesha fedha tamasha huahirishwa. Ajira za kudumu hazitokani na siku tatu kwa mwaka.

Usalama, kwa kifupi

Tahadhari za balozi na matangazo ya serikali hupaka rangi moja juu ya nchi iliyo kubwa kuliko mataifa mengi. Hatari ya Al-Shabaab iko zaidi kwenye mpaka wa Somalia: Mandera, sehemu za Wajir, Garissa na Lamu. Wizi wa mifugo wenye silaha una maeneo yake, kama bonde la Suguta na Baragoi, ambako zaidi ya polisi 40 waliuawa Novemba 2012. Hifadhi ya Samburu, barabara ya Isiolo hadi Marsabit na mji wa Loiyangalani zina historia tofauti kabisa na hizo, ingawa hazikosi siku mbaya. Msafiri na aulize kuhusu barabara na wiki, asiulize kuhusu kaunti. Aliye hatarini zaidi ni mchungaji wa miaka kumi na mitano, na habari zake huwa hazisikiki hadi mgeni aghairi safari.

Uzito wa kila upande

Miji ya kitalii naiona haifai kaskazini kavu. Ahadi yake ya ajira ni ya kweli kwenye karatasi, lakini imejengwa juu ya maji ambayo tayari yana wenyewe, na juu ya ufuo unaohama. Barabara, umeme na hospitali vijengwe kwa sababu wananchi wanavistahili. Haviwi halali kwa sababu hoteli imeviomba.

Mfugaji yuko sahihi kuhusu maji, na anayepanga lolote bila kuanza na hoja yake anajenga kesi ya mahakamani. Lakini hatua inayofuata kutoka kwenye hoja hiyo ni hifadhi ya jamii iliyoandikwa upya. Mkataba wa loji uwe na kifungu cha ukame: baraza la malisho likitamka kwamba hali imefika, eneo lililotengwa linafunguliwa, na mwekezaji anapunguziwa kodi kwa miezi hiyo badala ya kuwaita polisi. Hesabu za mapato zisomwe kwenye baraza, kwa lugha ya wenyeji, kila mwaka. Na pembeni ya loji za matajiri kuwe na mabanda ya bei ambayo mwalimu wa Meru au familia ya Nakuru inaweza kulipa, kwa sababu mgeni wa ndani ndiye anayebaki anga inapofungwa.

Kila moja ya hatua hizi ina bei yake. Mwekezaji anayejua kwamba ng'ombe wanaweza kuingia atalipa kodi ndogo, na wengine hawatakuja. Mgeni wa gharama kubwa ataona mifugo mahali alipoahidiwa choroa. Mabanda ya bei nafuu huleta magari mengi na taka nyingi. Nasema zilipwe gharama hizo. Hifadhi inayoweza kufungwa kwa mfugaji wakati wa njaa itavamiwa kwa nguvu ukame ukija, kama ilivyotokea Laikipia mwaka 2017, na siku hiyo hakuna loji, hakuna choroa, na watu wanakufa.

Yote haya yanangojea kazi moja isiyo na picha nzuri ya kutangaza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wenyewe, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa. Lakini kaunti hiyohiyo ndiyo inayotaka mapato ya utalii, ndiyo inayozungumza na wawekezaji, na ndiyo inayochapisha matangazo ya ziwa na jangwa. Haiwezi kuwa mlinzi wa ardhi na dalali wake kwa pamoja. Samburu, Isiolo, Marsabit na Turkana zisitie saini loji nyingine wala kupanua hifadhi yoyote kwenye ardhi ambayo jamii yake haijapewa hati, na wizara ya ardhi itenge wapima ardhi na fedha za kuzimaliza hati hizo kabla ukame mwingine haujafika.